Bahari Inapofika Eastlands

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja ukingo wake na kuingia majumbani. Kulipopambazuka, wakazi wengi walikuwa wamepanda juu ya mabati, wamekumbatia watoto na vichache walivyowahi kuokoa. Maji yaliyokuwa yakipita chini yao hayakunyesha yote Mathare. Mengi yalianguka saa chache kabla upande wa magharibi, kwenye miinuko ya Kiambu na vitongoji vya juu vya jiji, kisha yakateremka na mabonde hadi kule chini ambako Nairobi imekuwa ikiwaweka wafanyakazi wake tangu utoto wake.

Na kabla ya kuanguka Kiambu, maji hayo yalikuwa bahari.

Kutoka Mathare hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 400. Hata hivyo, anayetaka kueleza kwa nini Pumwani ilijengwa pale ilipo, kwa nini mwaka 1961 Tana na Athi zilifurika kwa pamoja, au kwa nini mtoto wa Korogocho akohoe moshi wa jaa la Dandora, hana budi kuanzia kwenye maji ya chumvi.

Reli kutoka pwani ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Nchi iliyoikuta ilikuwa taabani. Ukame, njaa, ndui na sotoka ya ng'ombe vilikuwa vimepita katikati ya Kenya kwa miaka kadhaa, na mwaka huohuo mvua za kusi zilikosekana India, nchi walikotoka vibarua wengi wa reli yenyewe. Wahandisi walitafuta mahali bapa pa kuegesha mabehewa na kujenga karakana kabla njia haijaanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Wahandisi walilichukua jina, wakaacha habari iliyokuwa ndani yake. Palikuwa kinamasi. Miaka mitatu haikuisha kabla tauni haijazuka sokoni, mwaka 1902, na wakubwa wakaamuru soko lichomwe moto.

Kuanzia hapo mji uligawanyika kwa kimo cha ardhi. Wazungu walikwea miinuko ya magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu unaokunywa maji haraka. Waafrika walisukumwa mashariki, sehemu inayoitwa leo Eastlands, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, udongo ambao fundi yeyote wa mjengo anaujua kwa nyufa unazoacha kwenye kuta. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kariokor ilibaki na jina la kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pangani ilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Zikafuata Ziwani, Kaloleni na Bahati, kisha Mbotela na Ofafa, zilizopewa majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa Nairobi miaka ya 1952 na 1953.

Kuna jambo ambalo ramani za mvua za jiji hulionyesha waziwazi, na ambalo lilipaswa kuwafikirisha waliopanga mitaa hiyo. Eastlands hupata mvua kidogo kuliko upande wa magharibi. Dagoretti hupokea takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Embakasi hupungukiwa na karibu robo ya kiasi hicho. Lakini mito yote inashuka mashariki. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, hupita katikati ya jiji, Gikomba na Shauri Moyo, kisha hukutana na maji ya Mathare karibu na Korogocho na Dandora. Kwa hiyo mtaa unaweza kufurika usiku ambao juu yake yamedondoka manyunyu tu. Hakuna mpangaji wa mji aliyeweza kudai kwamba hakujua maji yanateremka upande gani.

Wakati mitaa hiyo inajengwa, kazi ya kuhesabu mvua nayo ilikuwa inaanza. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliunda idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Mkurugenzi wake wa kwanza, Albert Walter, alitoka Mauritius, kisiwa kinachopigwa na vimbunga vya Bahari ya Hindi. Vipimo viliwekwa kwenye stesheni za reli, misheni, maboma na mashamba ya walowezi. Kila asubuhi mtu alitazama chupa, akaandika namba kwenye daftari. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo iliyozaa karibu kila kinachojulikana leo kuhusu mvua ya Kenya, na waliotunza madaftari hayo wanastahili heshima ambayo vitabu vya historia havijawapa.

Lakini elimu ya upepo ilikuwapo pwani karne nyingi kabla ya madaftari hayo. Manahodha wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walijua kwamba kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na kusi huyarudisha. Walijua demani, kusi inapolegea. Walijua tanga mbili, majira ya maleleji, upepo usipokuwa na mwenyewe. Walijua pia jambo ambalo halipatikani katika bahari nyingine kwa ukubwa ule: mkondo wa maji mbele ya Somalia hugeuka. Kusi ikivuma, maji hukimbia kaskazini. Kaskazi ikishika, hurudi kusini.

Miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa hali ya hewa, John Findlater, alipanga vipimo vya maputo yaliyorushwa angani Kenya, Garissa ikiwamo, akaona kitu ambacho mabaharia hawakuweza kukiona kwa sababu kilikuwa juu ya vichwa vyao. Kusi ina uti wa mgongo. Kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi kuna mto wa upepo unaovuka ikweta juu ya mashariki ya Kenya, unapinda kuelekea Somalia, kisha unavuka bahari kwenda kuinyeshea India. Findlater alichapisha matokeo yake mwaka 1969. Unyevu unaoipita Kenya mwezi Julai, Nairobi ikiwa chini ya mawingu ya baridi yasiyonyesha, ndio unaojaza mashamba ya mpunga ng'ambo ya bahari.

Kisa kilichowasumbua wataalamu zaidi kilitokea kabla ya hapo, mwaka 1961.

Mwaka huo ulianza kwa kiu. Ng'ombe walikuwa wakifa Umaasaini na watu walikuwa wakingoja chakula cha msaada. Agosti, Jomo Kenyatta aliachiliwa kutoka kizuizini. Oktoba mvua ikaanza, na haikunyesha kama vuli ya kawaida. Tana na Athi zilifurika. Ndege zikawa zinadondosha chakula kwa watu waliokatiwa barabara. Ziwa Victoria, ambalo kimo chake kilikuwa kikipimwa tangu 1896, lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka kwa zaidi ya mita 2. Vijiji vya ufukweni vilihama. Wakenya wakayaita mafuriko ya Uhuru, kana kwamba mvua nayo ilikuwa na habari ya siasa.

Eastlands ya wakati huo ilikuwa na kinga ambayo baadaye ilipotea, nayo ni nafasi. Kaloleni ilikuwa na nyumba fupi zilizozungukwa na nyasi na miti. Mathare, iliyobomolewa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, ndiyo kwanza ilikuwa inajaa tena. Mto ulipofura, bado ulipata pa kulala.

Nini kilileta mvua ile? Jibu lililokuwa likipata nguvu lilitoka Bahari ya Pasifiki. Gilbert Walker, mwanahisabati Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924, aligundua kwamba mgandamizo wa hewa upande mmoja wa Pasifiki ukipanda, upande wa pili hushuka, mithili ya pembea. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes aliunganisha pembea hiyo na joto la bahari karibu na Peru, yaani El Niño. Maelezo hayo yalifaa miaka mingi ya mvua kubwa Afrika Mashariki. Hayakufaa 1961. Mwaka huo hapakuwa na El Niño.

Ufunguo ulikuwa karibu zaidi. Mwaka 1973 Klaus Wyrtki alieleza kwamba katika majira ya tanga mbili, upepo juu ya ikweta katika Bahari ya Hindi huvuma kutoka magharibi na kusukuma mkondo mwembamba wa kasi kuelekea mashariki. Mkondo huo hubeba maji ya joto kutoka upande wa Afrika na kuyarundika upande wa Indonesia. Penye maji ya joto hewa hupanda, hupoa, hufanya mawingu. Ndiyo sababu katika mwaka wa kawaida mawingu mazito ya Oktoba na Novemba hukaa Sumatra, na Afrika Mashariki huambulia vuli ya wastani. Sasa, je, upepo huo ukikataa?

Oktoba 1997 ulikataa. Ulivuma kutoka mashariki. Maji ya joto yalirudi upande wa Afrika. Mbele ya Sumatra maji baridi yakapanda kutoka kilindini. Indonesia ilikauka na misitu yake ikawaka, huku Kenya ikinyeshewa kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa 1998. Barabara kuu ya Mombasa ilikatika. Garissa ikapata mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu waliozaliana katika maji yaliyotuama. Pasifiki nayo ilikuwa na El Niño kali mwaka huo, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni. Hadi leo kwa Wakenya wengi El Niño ni mvua yoyote iliyopita kiasi, hata ile ambayo Pasifiki haina habari nayo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, N. H. Saji na wenzake, akiwamo Toshio Yamagata wa Japani, walichapisha makala katika jarida la Nature wakionyesha kwamba Bahari ya Hindi ina pembea yake yenyewe. Upande wa Afrika ukipata joto kupita kawaida, upande wa Sumatra hupoa, na mvua huhama. Waliutaja 1961 miongoni mwa miaka ambayo pembea hiyo ililala sana upande wetu. Fumbo la mafuriko ya Uhuru lilipata jibu miaka 38 baadaye. Laiti mabaharia wa tanga mbili wangeulizwa mapema, huenda swali lenyewe lingeulizwa vizuri zaidi, maana wao walishajua kwamba katika majira hayo upepo hauaminiki.

Bahari yenyewe ilikuwa imeweka kumbukumbu. Mbele ya Malindi kuna matumbawe yanayoongeza tabaka kila mwaka kama mti unavyoongeza pete. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake walisoma kiini cha tumbawe la Malindi chenye umri wa miaka 194, wakapata ndani yake historia ya joto la maji tangu 1801, muda mrefu kabla ya vipimo vya kudumu kuanza huko.

Mwaka 2007 kundi jingine, likiongozwa na Dominik Fleitmann, lilisoma katika matumbawe ya hapohapo kitu kingine kabisa: udongo. Mto Sabaki humwagika baharini kaskazini mwa Malindi, na tope lake huacha bariamu ndani ya matumbawe. Kuanzia 1700 hadi 1900 tope lilikuwa karibu kiasi kilekile mwaka hadi mwaka. Baada ya 1900 likaanza kuongezeka, na kati ya 1974 na 1980 likafikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili.

Na Sabaki ni nini? Ni Athi iliyobadilishwa jina njiani. Athi hupokea Mto Nairobi, na Mto Nairobi hupokea mitaro ya Eastlands. Tumbawe la Malindi limehifadhi historia ya karne iliyochimba reli, ikafyeka miteremko ya Ukambani na Kiambu, ikajenga jiji.

Muongo huohuo wa tope jingi ndio ulioleta Dandora. Mwaka 1975 mradi wa Benki ya Dunia na halmashauri ya jiji ulianza kupima takriban viwanja 6,000, kila kimoja na bomba la maji na mfereji wa maji taka, mwenye kiwanja ajijengee vyumba kadiri ya uwezo wake. Lilikuwa wazo jema. Lakini karibu na makazi hayo, kwenye machimbo ya mawe, jiji likaanza kumwaga taka zake. Mwaka 2001 jaa lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakuacha kuja.

Jaa la Dandora ni darasa la kaboni ambalo hakuna mtoto anayepaswa kulisomea kwa mapafu yake. Ganda la ndizi lilipokuwa likikua Kisii lilivuta kaboni kutoka hewani. Likioza juu ya shamba, kaboni hiyo hurudi hewani ilivyotoka. Likifukiwa chini ya mita nyingi za taka pasipo na hewa, vijidudu huligeuza kuwa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 ya kaboni dioksidi yenye uzito uleule. Methani hiyo huvuja, hushika moto, na taka huungua polepole chini kwa chini. Ndio moshi unaoingia Korogocho na Kariobangi alfajiri.

Kilomita chache juu ya mto, hadithi ya kaboni imewahi kwenda vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji walianza kutengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani. Udongo hushika joto, makaa huisha polepole, na familia hupunguza matumizi ya makaa kwa theluthi moja au zaidi. Kila gunia lililookolewa ni mti uliobaki umesimama Ukambani au Narok, ukiendelea kuvuta kaboni na kuushika udongo usiende Sabaki. Jiko hilo likasambaa nchi nyingi za Afrika. Wengi wa waliolifua kwa nyundo hawakuandikwa popote.

Kinachotoka Dandora na mabomba ya moshi ya matatu ni tone tu katika kinachotoka Ulaya, Marekani na China. Hewa, hata hivyo, haina mtaa. Charles David Keeling alipoanza kupima kaboni dioksidi Hawaii mwaka 1958, kulikuwa na sehemu kama 315 katika kila milioni za hewa. Leo zimezidi 420. Kenya nayo ina kituo chake cha kupima, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, kimo cha zaidi ya mita 3,600, kinachoendeshwa na idara yake ya hali ya hewa. Bahari humeza takriban robo ya kaboni dioksidi ambayo wanadamu huitoa na zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvuke huo haujui Muthaiga ya matajiri wala Mathare, lakini ukishakuwa maji hufuata mteremko.

Mteremko huo ulizidi kujaa watu. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lililosimama kando ya mto, mtaani Huruma, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50. Machi 2018 Nairobi ilifurika tena, na safari hii haikuwa vuli bali masika. Mary Kilavi wa idara ya hali ya hewa ya Kenya na wenzake walichunguza masika hayo na kukuta sababu nyingine za baharini: vimbunga mashariki ya Madagaska, na wimbi la mawingu linalozunguka dunia kwenye ikweta kila baada ya siku 30 hadi 60, lililoelezwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Walionyesha pia kwamba mvua ya aina hiyo inaweza kutabiriwa siku kadhaa kabla. Mwaka 2019 pembea ya Bahari ya Hindi ililala upande wa Afrika kwa nguvu ambayo ilikuwa haijaonekana kwa miongo kadhaa. Kisha misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, ikaua mifugo kaskazini. Kisha 2023, El Niño na pembea kwa pamoja.

Masika ya 2024 yalikuja ardhi ikiwa bado imelowa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipoyachunguza hawakuona mkono wa El Niño wala wa pembea, na mchango wa ongezeko la joto duniani waliukadiria kuwa mdogo, kama asilimia 5 ya ukali wa mvua. Waliloonyesha kwa mkazo ni mji wenyewe: watu wengi, wengi wao maskini, kwenye kingo za mito. Mwanasayansi na mama mboga wa Mathare wangeelewana kwa hilo bila mkalimani.

Kufikia katikati ya Mei zaidi ya watu 290 walikuwa wamekufa nchini. Ufunguzi wa shule uliahirishwa mara mbili. Serikali iliamuru kila aliyekaa ndani ya mita 30 za mto aondoke, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru, zikavunja nyumba ambazo maji yalizisaza. Rais William Ruto alifika Mathare na kuahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Wengine walirudi na mabati yao ukingoni hapohapo, kwa kuwa kibarua chao kiko soko la Gikomba na nauli ya kutoka mbali hawana.

Siku hizohizo, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kilikuwa kikifika pwani ya Tanzania karibu na Mafia, karibu na ikweta kuliko vimbunga vilivyozoeleka. Kusi ilikuwa imeanza kushika. Maji yaliyopita Mathare yalikuwa yakiteremka na Athi, yakipita Fourteen Falls na Tsavo, yakiwa yamebeba udongo wa Kiambu na taka za Dandora, hadi mlango wa Sabaki. Na huko nje mkondo ulikuwa tayari umegeukia Somalia.